Mwaka Tuliokamua Ukungu

Jumanne iliyopita tulimzika Mwalimu Elinami katika kihamba chake, shamba la ukoo lililo juu ya mji mdogo wa Mkuu, na wanawe wakaniomba niseme machache kabla ya udongo. Nilisimama, mwanamke wa Majengo, Moshi, mwenye miaka hamsini kasoro, ushungi wangu ukipeperushwa na upepo ule ule ninaoujua, nikasema marehemu alikuwa mtu wa kweli na alikuwa mkaidi. Nilitaka kuueleza na mwaka ule, lakini mchungaji alikuwa anatazama saa na watu walikuwa wamesimama tangu asubuhi, nikakaa. Njia nzima ya kurudi Moshi nilijiona kama mtu aliyekwenda msibani na mzigo akarudi nao. Ndiyo maana nauandika.

Nilikuwa na miaka ishirini, mmoja kati ya mafundi cherehani wanne kwenye baraza la Fundi Salum, mtaa wa nyuma ya msikiti. Mwanamke nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nilipewa sare za shule na mapindo, kazi ambazo hakuna mteja anayekumbuka nani alizifanya. Ilikuwa Aprili. Masika ilikuwa imechelewa mpaka watu wakaacha kusema imechelewa. Vumbi lilikuwa likitua kwenye vitambaa vyeupe kila gari linapopita, tukawa tunafunika kanzu za watu kwa magazeti. Mwalimu Elinami alikuja mchana, mrefu, koti limemkaa vibaya mabegani, kwapani amebana furushi la neti ya kijani, ile ya kuwekea kivuli kwenye vitalu vya kahawa. Aliikunjua mezani. Ilikuwa imechanika kutoka pembe hadi pembe. Akauliza kama kuna fundi anayeweza kuishona isichanwe na upepo. Fundi Salum aliigeuza huku na huku, akasema, "Mwalimu, haya ni matundu yaliyoshikana mikono. Nishone nini, matundu?" Baraza zima likacheka, na Mwalimu naye akacheka kwa adabu, akaanza kulikunja furushi lake. Mimi nikamuuliza upepo uliingilia upande gani.

Akaacha kukunja. Akanieleza pale pale, amesimama, kana kwamba hakuna mtu mwingine barazani. Juu kwao, pale mashamba yanapokomea na msitu unapoanza, mvua ilikuwa imekataa lakini ukungu haukukataa. Kila mchana ulikuja ukapita zake. Yeye alikuwa amesimamisha nguzo mbili kama goli la mpira na kutandaza neti katikati, ili ukungu ukipita matone yabaki kwenye nyuzi, yateremke kwenye bomba lililopasuliwa kwa urefu, yaingie kwenye pipa. Nilimtazama nikawaza, huyu amechanganyikiwa kwa heshima. Lakini mchaniko ule haukuwa wa kichaa. Ulianzia pembeni kabisa, pale mtu alipofunga kwa waya na kukaza kama anayewamba ngozi ya ngoma. Nilimwambia kosa si la neti, ni la pindo. Nikamshonea kipande cha mfano wakati anasubiri, akakishika kwa mikono miwili akakivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikuchanika. Ndipo akaomba kukaa, na akiwa na kikombe cha chai ya Fundi Salum mkononi akasema lililomleta.

Shule aliyokuwa akifundisha sayansi ilikuwa na bweni la wasichana. Maji yake yalitoka msituni kwa mfongo, yaani mfereji waliouchimba mababu zao, na mfongo ule ulikuwa umekauka tangu mwaka uliopita. Wasichana walikuwa wakishuka alfajiri kwenda kisimani bondeni na kurudi vipindi viwili vimeshapita, ndoo kichwani, macho mekundu. Sasa ilikuja barua kutoka ofisi ya elimu: ikifika mwisho wa mwaka shule haina maji yake yenyewe, bweni litafungwa. "Likifungwa, nusu yao hawatarudi," Mwalimu alisema. "Wengine nawajua mpaka majina ya wanaume wanaowangoja." Alitaka fundi apande naye mlimani, akae huko mpaka nyavu zisimame. Mama yangu alikubali baada ya siku nne na masharti mengi, na Fundi Salum, ambaye alikuwa bado anacheka, alinipa cherehani ya mkono ya zamani iliyokuwa inakaliwa na kuku stoo.

Nilipewa chumba kwa Bibi Ndeshi, mama mdogo wa Mwalimu, mjane aliyekuwa na ng'ombe wawili na maoni juu ya kila kitu. Chumba kilikuwa cha mbao, dirisha moja linatazama migomba, na ukuta wake mmoja ndio ulikuwa ukuta wa jiko, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni lilinifikia kitandani. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono mpaka jikoni akanionyesha sufuria mpya inayong'aa. Akasema hii haijaguswa na nguruwe na haitaguswa, ni ya kwako, hata wajukuu wangu wakija wataiangalia kwa macho. Humo alinipikia mtori wa ndizi asubuhi na ngande, mahindi na maharage, mchana, na nyama aliinunua Mkuu kwa mchinjaji ambaye kwanza alihakikisha anaitwa Hamisi. Jioni nilipata maziwa mgando kwenye kibuyu, baridi imenishika magoti, na nikawa nashangaa kwamba mtu anaweza kutoka Majengo, ambako unalala dirisha wazi, akafika kwa saa chache mahali ambapo pumzi yake inaonekana. Nilipokuwa naswali niliweza kumsikia upande wa pili akiwanyamazisha wageni wake. Jumapili, baada ya ibada, majirani walikuja kunywa mbege, pombe ya ndizi, na kuzungumza, nusu Kichagga nusu Kiswahili, na mimi nikajifunza Kichagga cha ukutani. Neno la kwanza nililolielewa bila kufasiriwa lilikuwa linanihusu mimi: msichana wa mjini anayeshona mawingu. Walicheka sana. Bibi Ndeshi hakucheka, lakini hakunitetea pia. Alisema tu, tutaona.

Kabla sijashona hata pindo moja Mwalimu alinipeleka msituni. Nilidhani tunakwenda kutafuta nguzo. Tulipanda mpaka kwenye mti mmoja mkubwa uliovikwa kuvumwani na majani yanayoning'inia mpaka huoni gome, ukungu umetuzunguka, hakuna tone la mvua. Alinisimamisha chini yake. Maji yalikuwa yananidondokea kichwani, shingoni, kwenye ushungi. Akaniambia nipige hatua tano kando, nikapiga, ardhi ilikuwa kavu. Nikarudi chini ya mti, nikalowa. Nadhani nilifanya hivyo mara nne kama mtoto, na yeye aliniacha. Kisha tukapanda zaidi, tukatokea mahali palipoungua miaka ya nyuma, mashina meusi yamesimama bila kitu, na pale ukungu ulikuwa unapita tu juu ya ardhi kama wageni wanaopita nyumba iliyofungwa. Hapo ndipo aliponieleza kwa nini mfongo umekauka. Mvua imepungua, kweli, na joto limeongezeka, lakini pia tumeunguza mikono iliyokuwa ikipokea. Miti ingerudi ikipandwa, ila ingechukua umri wa mtu. Nyavu zilikuwa za kushikilia nafasi mpaka miti ikue. Nimesikia wasomi wengi tangu siku hiyo wakizungumza mabadiliko ya tabianchi, wengine kwa picha nzuri sana ukutani, lakini mimi nililielewa jambo lile kwa ushungi wangu.

Neti ya kwanza tuliyoisimamisha ilikaa siku tano. Niliishona kwa fahari yote ya fundi wa mjini, pindo mara tatu, uzi wa nailoni, pembe nimezitia turubai. Siku ya sita upepo uliokuja ulitoka upande mwingine, na tulipofika tulikuta pindo langu zima, limebaki zuri kabisa kwenye kamba, na neti imeng'oka kutoka ndani yake na kulala kwenye migomba ya mtu. Mwalimu alikaa kwenye jiwe. Wanafunzi waliokuja nasi hawakujua watazame wapi. Nilimwomba aniachie mahali pale, nikakaa mchana ule na wa kesho yake, nimejifunga blanketi la Bibi Ndeshi, natazama kipande kilichobaki kikipigwa. Sikuwa na hesabu wala elimu ya upepo. Nilichokuwa nacho ni kanzu. Katika kanzu kuna kipande cha pembetatu tunachokitia kwapani, watu hawakioni, lakini usipokitia, siku mwenyewe atakapoinua mkono kusalimia mtu ng'ambo ya barabara, kanzu inafunguka ubavuni. Neti yangu haikuwa na kwapa. Niliifunga kama mtu aliyekatazwa kuinua mkono. Basi nikazifumua pembe zote nne nikazitia vipande vya pembetatu, na upande wa chini nikaondoa kamba nikafungia vipande vya tyubu za baiskeli, ili upepo ukija kwa nguvu neti iinuke, iupishe, kisha irudi. Mwalimu alipoona nimelegeza kile alichokuwa anataka kikazwe, alitaka kubisha. Nikamwambia, "Mwalimu, nguo isiyompa mtu nafasi haidumu mwilini." Akashika kamba upande wake.

Siku maji yalipokuja sikuwa nimejiandaa kwa sauti yake. Ilikuwa Juni, baridi kali, kama saa tisa. Ukungu ulipanda kutoka upande wa mashariki ukatumeza, nikawa simwoni Mwalimu aliyesimama umbali wa mikono mitatu. Neti iliinuka, ikashuka, ikaanza kung'aa. Kila tundu lilikuwa limeshika tone. Kwa muda hakukutokea kitu. Halafu tone moja liligonga bomba, jingine likafuata, kisha yakawa hayahesabiki tena, ikawa sauti kama ya wali unaochemka chini ya mfuniko, na kutoka mwisho wa bomba ukatoka uzi wa maji, mwembamba, haukatiki. Mwalimu alikinga mkono akanywa. Mimi nikakinga wa kwangu. Yalikuwa na baridi ya kuumiza meno na ladha kidogo ya neti mpya. Nakumbuka alifuta miwani yake kwa shati lililolowa, akaivaa, haoni kitu, akaivua tena, na mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Mpaka Agosti tulikuwa na nyavu sita na matangi mawili, na wasichana wa bwenini walikuwa wamepunguza safari za kisimani. Nilishona, wao wakawa wanakuja baada ya masomo kushika mapindo, na kati yao Rehema na Manka walifikia kushona pembe bila mimi kuwasimamia. Ndipo maneno yakaanza kupanda kutoka chini. Niliyasikia kwanza ukutani, Jumapili, kutoka kwa mwanamke aliyekuja kununua maziwa. Kule tambarare mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa yamefika gotini, na watu walikuwa wakiinua macho mlimani kila mchana na kuona mawingu yamekaa juu kwetu, hayashuki. Kisha wakasikia huku juu kuna mwalimu na msichana wa Moshi waliotega nyavu. Nani angehitaji kuelezwa zaidi. Mawingu yao yalikuwa yamenaswa. Mwanamke yule alisema wanaume wa kule wameshakubaliana: Jumamosi watapanda na mapanga.

Siku hizi binti yangu hunionyesha kwenye simu habari za nchi zinazorusha ndege kunyunyizia mawingu chumvi ili yanyeshe, na chini ya habari hizo watu wanagombana, huyu anamwambia jirani yake umeniibia mvua, yule anakana. Binti yangu hushangaa kwamba sishangai. Ugomvi ule niliusikia kupitia ukuta wa mbao nikiwa na miaka ishirini, na nilijua tangu hapo kwamba mtu akishaweka mkono wake kwenye wingu, hata mkono mdogo, kila asiyenyeshewa atataka kujua mkono huo ni wa nani. Wala sikuwaona wajinga. Mahindi yao yalikuwa yamekufa kweli. Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyotegemea, lakini asubuhi mwenyekiti wa kijiji alikuja kwa Bibi Ndeshi, akakataa kukaa, akasema kwa ajili ya amani ni afadhali nyavu zishushwe kabla ya Jumamosi, zirudishwe mambo yakipoa. Mwalimu alijibu kwamba mambo hayatapoa mpaka mvua inyeshe, na barua ya bweni haingoji mvua. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni mwenyekiti alisema, haya, waje, lakini mtazungumza nyinyi.

Walikuja kama thelathini. Wanawake pia walikuwepo, jambo ambalo sikulitarajia. Mbele yao alikuwa Mzee Shirima, mwenye koti zito la sufu na kofia ya kufuma, panga lake amelishika chini kama mtu anayekwenda tu shambani. Watu wa kijiji chetu walisimama upande wa pili. Mwalimu alikuwa ameleta ubao. Alichora mlima, akachora bahari, akachora mishale, na nilimwona akizama. Alikuwa mwalimu mzuri kwa wanafunzi wanaotaka kufaulu mtihani. Hawa walitaka mahindi. Mtu mmoja wa nyuma alisema mishale hiyo haiwashibishi, wengine wakaitikia, na mstari wao ukasogea hatua moja kuelekea nguzo. Mwenyekiti aliniinamia sikioni akaninong'oneza, waambie na wao watashonewa zao, waondoke kwa amani.

Nilikwenda mbele. Niliwaamkia shikamoo wakubwa, wakaitikia, maana shikamoo huwezi kuiacha hewani hata ukiwa na panga. Nikasema kwa Kiswahili changu cha mjini kwamba mimi ndiye niliyeshona vitu hivi, na kama ni vibaya, mwizi ni mimi wala si Mwalimu. Nikawaambia sitawazuia. "Nawaomba kitu kimoja tu. Msikate kitu ambacho hamjakiona kikifanya kazi. Ukungu unakuja saa tisa. Nusu yenu simameni mbele ya neti, nusu simameni nyuma yake. Kama upande wa nyuma utakuwa mkavu, nitakata mimi mwenyewe."

Walizungumza kwa Kichagga muda mrefu. Bibi Ndeshi alitumia nafasi hiyo kuleta sinia la ndizi za kuchoma na kulipitisha katikati yao, na ni vigumu kushika panga na ndizi ya moto pamoja. Wakagawana pande mbili. Tukangoja. Saa tisa ilifika, ukungu haukufika. Tulikuwa tumeona siku nyingi za aina hiyo, siku ambazo upepo unageuka na wingu linakaa mbali, na nilikuwa nimeahidi mbele ya watu thelathini. Saa tisa na nusu mtu mmoja alianza kunoa panga lake kwenye jiwe, taratibu, si kwa vitisho, ni kama mtu anayepoteza muda. Mwalimu alikuwa anatazama mashariki, midomo yake inacheza. Aliniambia baadaye alikuwa anaomba, na alikuwa hajaombea hali ya hewa tangu akiwa mtoto, kwa sababu ya sayansi.

Ulikuja saa kumi. Ulikuja kwa wingi kuliko siku yoyote ya mwaka ule, ukaifuta migomba, ukaufuta ubao wa Mwalimu, ukatufuta sisi. Tulisimama ndani yake bila kuonana. Sauti ya matone ilianza, na kutoka upande wa nyuma ya neti nilisikia mwanamke akisema kwa mshangao kwamba hata huku ni ule ule, hata huku analowa. Mwingine akaitikia. Wakawa wanaitana kupitia kwenye neti, wa mbele na wa nyuma, wakiambiana ukungu ulivyo, na ulikuwa sawa pande zote mbili. Ulipopungua kidogo nilimwona Mzee Shirima amesimama peke yake karibu na nguzo. Koti lake la sufu lilikuwa jeupe kwa matone, mabega yote, mikono yote. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwomba kofia yake. Akanipa. Niliikamua mbele ya watu, na maji yakachuruzika kati ya vidole vyangu mpaka chini.

"Mzee wangu," nikamwambia, "na kofia hii imeiba mvua ya nani?"

Hakuna aliyecheka kwanza. Mzee alikitazama kile kidimbwi kidogo miguuni kwangu, akalitazama koti lake, akapitisha kiganja kwenye mkono wake na kukiona kimelowa. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mzee mwenye kikohozi, na ndipo wote wakacheka, wa juu na wa chini, na lile panga lililokuwa likinolewa likarudi kwenye ala.

Ningeweza kuishia hapo, na watu wengi wanapoisimulia hadithi hii huishia hapo. Lakini mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alinijia akauliza swali nililokuwa naliogopa. Alitaka kujua kama na wao, kule chini, nitawashonea. Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Ingekuwa rahisi sana. Nikamwambia hapana, mama, kule chini ukungu haufiki, nikikushonea kitakuwa kitambaa cha kukamata vumbi tu. Neti haizai wingu na wala haiwezi kuliamuru liende mahali. Inashika lile linalopita tu. Uso wake ulibadilika, na nilidhani nimeiharibu kazi yote ya mchana. Mwalimu ndiye aliyesogea, na safari hii hakuwa na ubao. Aliwaambia kuhusu mti uliomdondokea msichana wa mjini kichwani, na mahali palipoungua, na mfongo ambao zamani, wazee walikumbuka, ulikuwa unavuka shule ukashuka mpaka kwao. Alisema akiwa na watu thelathini wa kupanda miti, mlima ungeanza kushika tena. Asingewaahidi mwaka huu wala mwaka ujao. Mzee Shirima aliivaa kofia yake ikiwa bado mbichi, akauliza miche iko wapi.

Walipanda miche Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Pale palipokuwa na mashina meusi leo ukipita unalowa shingo, na mfongo umerudi kutiririka mpaka chini ya shule. Bado haujafika kwao tambarare, lakini mwaka huu, waliniambia msibani, umevuka barabara. Wajukuu wa Mzee Shirima ndio wanaousafisha.

Afisa wa elimu alikuja Novemba. Alikuwa mtu wa haraka, amevaa viatu visivyofaa kwa udongo wetu. Alikwenda moja kwa moja bwenini akafungua bomba, akasimama mkono kiunoni kama anayengoja likatike. Halikukatika. Alilifunga, akalifungua tena. Akauliza chanzo ni nini, mto gani, na Mwalimu akamwonyesha kidole angani. Afisa alitazama juu, akamtazama Mwalimu, akadhani anachezewa. Ilibidi tumpandishe na viatu vyake mpaka kwenye nyavu, na bahati ilikuwa yetu, ukungu ulikuwepo. Rehema alimkingia maji kwenye kikombe cha bati. Alikunywa yote, akaomba mengine, akaandika kwa muda mrefu kwenye daftari lake lililokuwa linalowana. Wiki mbili baadaye mkuu wa shule alisoma barua mbele ya wanafunzi waliojipanga mstarini. Sikumbuki maneno ya barua. Nakumbuka alipofika neno "litaendelea" hakuweza kuendelea yeye, akampa Mwalimu karatasi amalizie.

Jumamosi ya wiki ile wasichana wa bwenini waliomba ruhusa ya kufua. Walifua kila kitu. Mashuka, blanketi, masweta, mapazia, hata matambara ya kudekia. Walitandaza kwenye ua, kwenye mikahawa, kwenye nguzo za goli, mpaka shule nzima ikaonekana kama inataka kuruka. Jua lilikuwa limetoka na mlima umejifunua wote. Mimi na Mwalimu tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za maabara tukimenya machungwa. Kisha Manka alijaza ndoo mpaka pomoni, akainyanyua kwa mikono miwili, akajimwagia yote kichwani na nguo zake mwilini, bila sababu yoyote. Wengine wakapiga kelele, wakakimbilia bomba. Nilimgeukia Mwalimu, maana huyu alikuwa mtu ambaye hata maji ya kusuuza vitambaa vya chaki aliyamwagia miche, na nilimwona ameinuka nusu, mdomo wazi, tayari kukemea. Alibaki hivyo, chungwa mkononi, akiwatazama wakimwagiana, maji yakiruka juu na kung'aa na kuanguka bure ardhini. Kisha akakaa.

"Waache," alisema. "Yatakuja mengine saa tisa."